Kwa nini mama panya au simbilisi humdhuru mtoto aliyemzaa mwenyewe, na mfugaji afanye nini?

1. Mabanzi_Mafinga

Habari za muda huu, wakuu. Nafuga simbilisi (guinea pig) kwa kitoweo na biashara, na pembeni yao nina panya weupe wachache ambao shule za sekondari huwachukua kwa mazoezi ya vitendo ya baiolojia ya kidato cha sita. Wiki hii panya jike mmoja aliyezaa kwa mara ya kwanza alikutwa asubuhi akiwa na watoto pungufu ya wale walioonekana jioni, na mmoja wao alikuwa amebaki kichwa na mabega. Kwa simbilisi hakuna aliyeliwa, ila watoto wawili wa uzao mmoja wana masikio yaliyolika kingo kama karatasi iliyopitiwa na mende.

Mtaani kwetu kila mtu ana jibu lilelile, kwamba mama humla mtoto aliyeshikwa na mkono wa binadamu kwa sababu harufu yake imebadilika. Mimi naliamini jibu hilo, kwa kuwa jioni ile kijana wangu aliwashika watoto ili awahesabu. Anayepinga aje na sababu, na anayejua namna ya kuzuia asituache gizani.

2. Mwl_Tukuyu

Ahsante kwa mada. Napinga jibu la mtaani, ingawa silitupi lote. Ni kweli kwamba panya humtambua mtoto wake kwa pua, lakini panya anayefugwa amezoea harufu ya mtu anayemlisha kila siku, na watunzaji wa wanyama wa maabara hushika vichanga vya panya mara kwa mara bila mama kuwala. Wengi wao husugua kwanza mikono kwenye matandiko ya kizimba chenyewe, kisha ndipo humgusa mtoto.

Ninavyoona mimi, kinachomtisha mama ni yale yanayofuatana na mkono. Kifuniko kinafunguliwa ghafla, mwanga unaingia, kiota kinavurugwa, watoto wanapiga kelele, na mama aliyetoka kuzaa saa chache zilizopita hajui kama mwindaji ameingia au la. Nakuuliza, Mabanzi: kijana wako aliwahesabu kwa muda gani, na alikuwa peke yake au pamoja na wenzake?

3. Banda_la_Uyole

Shikamoo, mwalimu. Mimi nasema ni maji, wala tusizunguke. Sungura wangu walikuwa wakila watoto kila uzao, na nikamlaumu kila mtu hadi jirani. Siku moja usiku niliamka nikakuta sungura anazaa huku chombo cha maji kikiwa kikavu, na ulimi wake unalamba kuta za kopo. Tangu niliweka chupa kubwa ya maji, na kuhakikisha imejaa kila jioni ya siku ambazo nategemea uzao, tatizo lile limekwisha. Mama anayezaa hupoteza maji mengi, hulamba watoto wote na kula kondo la nyuma, na asipopata maji damu ndiyo kinywaji kilicho karibu naye.

4. Jino_la_Pili

Ndugu wa Uyole, ushauri wako wa maji naupokea, lakini tusichanganye makabila. Sungura si jamii ya panya. Mfunue mdomo wa juu sungura wako, utaona nyuma ya meno makubwa mawili ya mbele kuna meno mengine mawili madogo yaliyojificha, na panya yeyote hana hayo. Wataalamu waliwatenga sungura katika kundi lao tangu mwaka 1912. Naomba basi ushahidi wa sungura usitumike kumhukumu panya bila tahadhari.

5. Banda_la_Uyole

Nimekwenda kumfunua, meno yapo. Kidole changu nacho kimeonja hayo makubwa ya mbele. Hata hivyo kiu ni kiu, awe na meno mawili au manne.

6. Mtunza_Vizimba

Wakuu, salaam. Nafanya kazi ya kutunza panya wa maabara katika chuo kimoja huku kwetu, kwa hiyo naomba niseme kwa urefu kidogo.

Jambo la kwanza ni kwamba neno «kuua» tunalitumia haraka mno. Tunachokiona asubuhi ni mtoto aliyeliwa, na hatukuona alivyokufa. Watafiti waliorekodi panya wadogo wa maabara (wale waitwao «mice» kwa Kiingereza, aina tofauti na panya weupe wa Mabanzi) kwa kamera mchana na usiku waliona kwamba mara nyingi mtoto huwa ameshakufa, au amezaliwa mfu, ndipo mama humla. Kwa mama panya kumla mfu ni usafi, kwa sababu maiti ndani ya kiota huoza, hualika wadudu, na harufu yake huwaita wawindaji. Mama huyohuyo anaweza kumla mmoja aliyekufa huku akiwanyonyesha wengine vizuri kabisa.

Jambo la pili ni namna ya kujua kama watoto wananyonya. Kichanga cha panya hakina manyoya na ngozi yake hupitisha mwanga, kwa hiyo maziwa yaliyomo tumboni huonekana kwa nje: doa jeupe upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu. Siku inayofuata uzao, chungulia tu bila kumshika. Ukikuta matumbo meupe, achana nao. Ukikuta ngozi nyekundu iliyosinyaa na hakuna doa, basi tatizo lilianza kwenye maziwa, na ulaji utakaofuata ni matokeo yake.

Jambo la tatu, usifanye usafi wa kizimba siku mbili tatu kabla ya uzao na siku kadhaa baada yake. Mimba ya panya mweupe ni siku 21 hadi 23, kwa hiyo andika tarehe ya kupandisha ukutani, fanya usafi mapema, weka nyasi kavu au karatasi laini za kujengea kiota, kisha uondoe mikono yako.

7. Mama_wa_Njombe

Kamwene. Mchangiaji wa 6 amesema vyema, lakini hakutaja baridi, pengine kwa kuwa chumba chake kina dari. Sisi wa Njombe na Makete mwezi wa saba tunaamka tukikuta nyasi zimeganda barafu. Panya huzaliwa uchi na kipofu, hawezi kujitengenezea joto la kumtosha. Anapopoa kidogo hulia kwa sauti nyembamba ambayo sikio la binadamu haliisikii na mama huisikia, naye humrudisha kiotani. Anapopoa kupita kiasi hunyamaza. Mtoto wa baridi asiyelia wala kujongea hana tofauti na mfu mbele ya mama.

Kwa hiyo kabla hujamtupa mtoto uliyemkuta nje ya kiota, mweke kiganjani au ndani ya nguo na umpashe joto taratibu. Nimewahi kuwarudisha wa namna hiyo, na mama akawapokea. Mwalimu wa Tukuyu atambue kwamba mkono wangu ulipita kote na hakuna aliyeliwa.

Onyo moja: msiweke jiko la mkaa bandani. Moshi wake na hewa yake vitamaliza mama na watoto kwa pamoja. Funga mifuko upande wa upepo, ongeza nyasi, na ukipenda inua kizimba kutoka sakafuni.

8. Mahindi_Matamu_Iringa

Nimesoma michango yote na nashangaa hakuna aliyegusa chakula, wakati sote tunaishi katikati ya mahindi na wengi wetu tunalisha pumba za mahindi asubuhi na jioni.

Mwezi Januari 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Strasbourg nchini Ufaransa, wakiongozwa na Mathilde Tissier, walitoa matokeo kuhusu hamster wa Ulaya, mnyama wa jamii ya panya ambaye amepungua sana katika mashamba ya Alsace, mkoa wa mashariki mwa Ufaransa ambako mahindi yametawala. Walitaka kujua kama chakula kinahusika. Majike waliolishwa ngano pamoja na klova (majani ya malisho) au minyoo ya ardhini walifanikiwa kuwafikisha watoto wao kwenye kuachishwa kunyonya kwa takriban asilimia 80. Waliolishwa mahindi pamoja na vitu hivyohivyo walifikisha asilimia 5 tu. Wengine wote waliliwa na mama zao, tena siku ya kwanza, wakiwa hai, baada ya mama kuwaweka pamoja na akiba yake ya mahindi. Majike hao walikuwa wakizunguka kwa duara, wakipanda na kugonga vyombo vya chakula, na ndimi zao zilivimba na kuwa nyeusi.

Walipoongezewa vitamini B3, yaani niasini, akina mama hao waliacha kula watoto. Mahindi yana niasini, lakini imefungamana na viini vingine kiasi kwamba tumbo haliwezi kuichukua, na yana upungufu wa triptofani, kijenzi cha protini ambacho mwili ungekitumia kutengeneza niasini yake. Binadamu walioishi kwa mahindi matupu walipata pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, kwa sababu hiyohiyo. Nasubiri mtu anieleze kwa nini pumba za Mafinga ziwe tofauti na mahindi ya Alsace.

9. Mwl_Tukuyu

Mchango mzito, nao nauheshimu. Niongeze kwamba pelagra iliwatesa sana watu wa kusini mwa Marekani mwanzoni mwa karne iliyopita. Dakta Joseph Goldberger, aliyeanza kuichunguza kwa niaba ya serikali mwaka 1914, alionesha kwamba ni ugonjwa wa lishe na hauambukizi. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem akaponya kwa niasini mbwa wenye ndimi nyeusi, ugonjwa unaofanana na pelagra. Watu wa Meksiko, ambao mahindi ni yao tangu kale, hawakuteseka hivyo, kwa kuwa huyachemsha kwa maji ya chokaa au majivu kabla ya kuyasaga, na hilo huifungua niasini iliyofungamana.

Hata hivyo nina mapingamizi mawili. Kwanza, niasini ya ngano nayo kwa sehemu kubwa imefungamana, na kinachoiokoa ngano ni triptofani iliyo nyingi zaidi. Pili, simbilisi, panya na sungura hula sehemu ya kinyesi chao, na kwa njia hiyo hupata vitamini za kundi B zilizotengenezwa na vijidudu vya tumboni. Aidha, simbilisi anayepata majani mabichi kila siku hali mahindi matupu. Kwa simbilisi ningehofia zaidi vitamini C, ambayo mwili wake hauwezi kuitengeneza. Axel Holst na Theodor Frølich waligundua kiseyeye cha simbilisi nchini Norwe mwaka 1907 kwa kuwalisha nafaka tu.

10. Mahindi_Matamu_Iringa

Mwalimu, hamster naye hula kinyesi chake, na hakikumwokoa. Nisisitize pia kwamba mleta mada ana panya weupe, ambao hakusema kama wanapata majani. Tumsubiri.

11. Shamba_Juu_Rungwe

Naomba kuuliza, huenda ni nje kidogo. Hapa kwetu kila mtu amepanda parachichi. Tunapopogoa, majani huwa mengi, nami nimekuwa nikiwapa sungura na simbilisi. Watoto wanakufa wakiwa na siku mbili au tatu, matumbo matupu, kisha mama anawatafuna. Chuchu za mama zimevimba na ni ngumu, ila hakuna maziwa. Hii inaingia katika mada?

12. Dakta_wa_Mifugo

Inaingia katikati kabisa ya mada, na naomba uache leo hii. Majani ya parachichi yana sumu iitwayo pesini, ambayo huharibu chembe zinazotengeneza maziwa katika titi la mnyama anayenyonyesha, na dozi kubwa hudhuru misuli ya moyo. Dalili ulizozitaja, titi gumu lililovimba bila maziwa na bila usaha, ndizo hizo. Gome na mbegu navyo vina sumu, kwa hiyo msiwape. Wapeni majani ya viazi vitamu, mabingobingo yaliyonyauka kidogo, desmodiamu (malisho ya jamii ya kunde), maganda ya karoti na majani yake, ambayo hapa kwetu hutupwa sokoni kwa wingi. Lusina, ule mti wa malisho, ina protini nzuri lakini isizidi sehemu ndogo ya mlo, kwani ina sumu ya mimosini inayonyonyoa manyoya ya mnyama.

Sasa nirudi kwa mleta mada na masikio ya simbilisi, maana kila mtu ameyapita. Simbilisi ni tofauti sana na panya. Mimba yake ni ndefu, siku 59 hadi 72, na mtoto huzaliwa akiwa na manyoya, macho wazi na meno, na siku hiyohiyo huanza kutafuna majani. Kumla mtoto aliye hai ni nadra kwao. Masikio huumia kwa njia mbili ninazozifahamu. Ya kwanza ni wakati wa kuzaliwa: mama huchana kwa meno utando uliomfunika mtoto, na mama mgeni au aliyezaa wawili kwa kufuatana haraka anaweza kupitiliza na kukata ncha ya sikio. Jeraha hilo huonekana siku ya kwanza. Ya pili huja baadaye, pale wanyama walipobanana na nyasi ndefu zimekosekana, ndipo hutafunana manyoya na masikio kwa uchovu na njaa ya nyuzinyuzi. Mabanzi, masikio yaliumia lini?

13. Jino_la_Pili

Dakta, ongeza suala la dume. Simbilisi jike huingia tena kwenye joto, yaani huwa tayari kupandwa, saa chache tu baada ya kuzaa, na dume aliyemo chumbani hulijua hilo kabla yako. Humfukuza mama kuzunguka chumba kizima, na watoto hukanyagwa. Nimeona mtoto aliyevunjika mgongo kwa namna hiyo, na mwenye banda akiapa kwamba mama ndiye aliyemuuma. Dume atoke kabla ya uzao, tena kwa faida ya mama mwenyewe, ili asibebe mimba nyingine akiwa ananyonyesha.

Kwa panya wadogo wa maabara suala hili limechunguzwa sana. Dume asiyewahi kupanda huua vichanga anavyovikuta, lakini baada ya kupanda jike tabia hiyo hutulia karibu na wakati ambao watoto wake wangezaliwa, kisha hurudi baadaye. Mwaka 1959 Hilda Bruce alionesha kwamba panya jike aliyepandishwa karibuni, akinusa dume mgeni, mimba inaweza kuharibika. Kwa hiyo mtu anayebadilisha madume kizimbani kama anavyobadilisha soksi asimtafute mchawi.

14. Pwani_ya_Kyela

Wakuu wa milimani mna nadharia nyingi kwa sababu ya baridi, mmejifungia ndani mkisoma. Huku kwetu joto linatutoa nje, na tunaona. Watoto wengi wanaosemwa wameliwa na mama wamechukuliwa na siafu, paka, kicheche au panya wa porini. Siafu wakipita usiku, asubuhi unakuta mifupa midogo na mama ameumwa miguuni. Panya wa porini huvuta kichanga kupitia tundu la waya lenye upana wa kidole gumba. Weka miguu ya kizimba ndani ya makopo yenye oili chafu, ziba matundu, halafu ndiyo tujadili vitamini.

15. Mama_wa_Njombe

Ndugu wa Kyela, karibu Njombe mwezi wa saba ukajisomee na wewe. Hoja yako hata hivyo ni ya kweli, nasi tuna vicheche. Ila kichwa na mabega yaliyobaki ndani ya kiota, kama mleta mada alivyoeleza, si kazi ya siafu.

16. Mtunza_Vizimba

Naomba kuongeza kitu kuhusu idadi ya watoto, maana kinaweza kuleta ugomvi mzuri. Mwaka 1977 watafiti wawili, Day na Galef, walichapisha majaribio kuhusu hamster wa dhahabu. Walipomwongezea mama watoto wa kuazima baada ya kuzaa, alikula wengi zaidi, na walipompunguzia, alikula wachache. Waliona kwamba mama huyo alikuwa akirekebisha idadi ili ilingane na uwezo wake wa kulea. Kwa maelezo hayo, kula baadhi ya watoto ni sehemu ya ulezi wenyewe, jambo gumu kulitamka mbele ya mtoto wa binadamu.

Panya mweupe ana chuchu 12, na uzao wake wakati mwingine huzizidi. Simbilisi ana chuchu mbili tu, lakini watoto wake huanza kula mapema na majike wanaokaa pamoja hunyonyesheana, kwa hiyo kwake shinikizo hilo ni dogo.

Pia kuna utafiti wa mwaka 2020 kuhusu panya wadogo wa maabara, ulioonesha kwamba watoto wachanga hufa zaidi pale wanapozaliwa kizimbani ambamo watoto wa uzao uliotangulia bado wamo. Wakubwa huwakanyaga wadogo na kuwanyang'anya chuchu.

17. Mwl_Tukuyu

Maelezo ya hamster nayakubali kwa hamster. Napata shida kuyahamishia kwa panya mweupe, kwa kuwa wapo majike wanaolea watoto zaidi ya chuchu zao kwa zamu bila kumla hata mmoja. Tukisema kila mauaji ni hesabu ya mama, mfugaji mzembe atapata kisingizio kizuri.

18. Mabanzi_Mafinga

Ahsanteni sana. Nijibu maswali yote kwa pamoja.

Mwalimu, kijana alikuwa na wenzake watatu na tochi ya simu. Mahindi_Matamu, panya wanakula pumba za mahindi na makombo ya ugali, majani hupewa simbilisi peke yao. Jino_la_Pili, dume alikuwemo kizimbani. Banda la Uyole, maji yalikuwepo jioni, ya usiku siwezi kuyaapia. Mtunza Vizimba, watoto wa uzao huo walikuwa wengi, kumi na zaidi, na matandiko yalibadilishwa asubuhi ya siku ileile kwa maranda mapya ya paina kutoka kiwandani, maana hapa Mufindi tumezungukwa na msitu wa Sao Hill na maranda hayana bei. Dakta, masikio ya simbilisi yalionekana hivyo tangu siku ya kwanza, yakiwa na damu iliyokauka.

19. Banda_la_Uyole

Kesi imekwisha. Maji ya usiku hayaapiwi.

20. Mahindi_Matamu_Iringa

Pumba na ugali! Nimekaa kimya sasa, ushahidi unajisemea.

21. Jino_la_Pili

Dume alikuwemo, na hakuna aliyemuuliza utetezi wake.

22. Dakta_wa_Mifugo

Kila mmoja amepata alichokuwa akikitafuta, na hilo ndilo linalonitia shaka. Masikio nadhani yameeleweka, ni meno ya mama wakati wa kufungua utando. Safisha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, yatapona na kingo zitabaki hivyo maisha yote. Kwa panya siwezi kusema ni lipi kati ya haya, kwani yote yalitokea usiku mmoja.

Ila maranda nayazungumzia, kwa sababu hakuna aliyeyagusa. Maranda mabichi ya paina yana mvuke wa utomvu unaowasha njia ya hewa na kusumbua ini la wanyama wadogo, na harufu yake kali hufunika harufu zote za kiotani. Yakikaushwa vizuri kwa joto hasara hupungua. Kwa uzao ujao tumia nyasi kavu zilizokatwa fupi au karatasi zilizochanwa zisizo na rangi.

23. Mwl_Tukuyu

Hapa dakta amerudisha suala la harufu kwa mlango wa nyuma, na wazee wa mtaa wa Mabanzi watacheka. Harufu ya mkono wa mtu mmoja aliyezoeleka ni ndogo. Kizimba kizima kilichobadilika harufu siku ya uzao, pamoja na vijana wanne na tochi, ni jambo jingine.

24. Shamba_Juu_Rungwe

Nimeacha majani ya parachichi tangu jana, ahsante dakta. Swali langu sasa ni kuhusu watoto waliobaki. Naweza kumpa mama mwingine awanyonyeshe?

25. Mtunza_Vizimba

Unaweza, ikiwa huyo mama mwingine amezaa karibu siku moja na huyo wa kwanza na watoto wake si wengi. Mtoe kwanza mama huyo nje ya kiota kwa kumpa chakula anachokipenda, wachanganye wageni na wenyeji, wafunike kwa nyasi na manyoya ya kiota chake, waache kwa nusu saa wapate harufu moja, kisha mrudishe taratibu na uondoke. Kwa sungura ni rahisi zaidi kuliko unavyofikiri, kwa sababu mama huingia kunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, dakika chache, halafu hutoka. Watu wengi humwona hakai kiotani wakadhani amewatelekeza, wakaanza kumlazimisha, na hapo ndipo matatizo huanza.

26. Pwani_ya_Kyela

Na mama aliyekwisha kula watoto afanywe nini? Huku kwetu tunamchinja, kwa kuwa aliyeonja hataacha.

27. Mama_wa_Njombe

Napinga kumchinja kwa kosa la uzao wa kwanza. Majike wengi huharibu uzao wa kwanza na kulea wa pili vizuri. Mpe nafasi nyingine, akiwa chumba chake, maji usiku kucha, mashudu ya alizeti kidogo juu ya pumba, majani, na watoto wa nyumbani waambiwe wakae mbali.

28. Mahindi_Matamu_Iringa

Naunga mkono, lakini akirudia katika uzao wa pili na mazingira yote yakiwa sawa, mtoe kwenye ukoo. Sipendi kuendeleza mbegu ya namna hiyo, hata kama mwalimu ataniambia kwamba urithi wake haujathibitika.

29. Mwl_Tukuyu

Ulezi mbaya hurithiwa pia kwa kulelewa, ndugu yangu. Mtoto wa kike wa panya aliyelambwa kidogo na mama yake naye huwalamba wake kidogo, na akihamishiwa kwa mama mlezi mzuri akiwa mchanga hufuata tabia ya aliyemlea. Kwa hiyo usikimbilie kuulaumu ukoo.

30. Pwani_ya_Kyela

Sawa, nimewasikia wa milimani. Mabanzi, ukiamua kumchinja, supu yake unaipika na nini?

31. Mabanzi_Mafinga

Mkuu wa Kyela, huyo ni panya wa baiolojia, haliwi. Nimemhamishia chumba cha peke yake chenye nyasi kavu, dume nimemtoa, na waliobaki nimewachungulia asubuhi hii kwa mbali. Wana doa jeupe tumboni isipokuwa mmoja, mdogo kuliko wenzake. Huyo nimwache palepale, au nimhamishe kwa jike mwingine aliyezaa juzi?

32. Mtunza_Vizimba

Kama wa juzi ana watoto wachache, mhamishe leo kabla ya jioni. Usiwaite wale vijana wanne.